Viatu vya Kukimbilia: Tulichagua kwa Macho, Mguu Ukalipa



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tunazungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia kutoka kwa mwalimu wa madrasa: namna ya kuchagua viatu vya kukimbilia. Tunalisema kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea.

Tunaishi Nyamirambo, Kigali. Tangu mwaka 2016 jiji letu lina Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, watu wakatoka kutembea, kukimbia na kupima afya. Jumapili moja tulipimwa presha, tukaambiwa imepanda. Hospitali tukaandikiwa dawa na kuhimizwa mazoezi. Umri wetu umepita miaka 40 na watoto bado wadogo. Tukaazimia kukimbia.

Tulikwenda dukani asubuhi, macho yakaangukia raba nyekundu zenye soli nene. Tukavaa namba 42, yetu ya siku zote, zikabana kidogo. Muuzaji akasema, "Zitapanuka tu, Mwalimu." Tukakubali haraka, maana moyoni tulikwisha jiona tukipita nazo mbele ya wanafunzi. Sisi tunaofundisha kila wiki ubaya wa kufanya jambo ili watu waone!

Wiki ya tatu, tukitia udhu, tukaona ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Kila tulipokaa tahiyatu na kukunja vidole vya mguu wa kulia, maumivu yalituondoa katika swala. Tukaacha kukimbia.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi wetu ambaye baba yake huuza viatu. Alituona tunachechemea, akauliza kwa adabu, "Ustaadh, viatu ulivinunua saa ngapi?" Tukacheka. Kumbe swali lilikuwa la maana: mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na ukikimbia huvimba zaidi. Baada ya swala ya Alasiri akatupeleka kwa baba yake, nasi tukakaa kama wanafunzi.

Mzee yule alitufundisha hivi. Kwanza, jaribu viatu jioni, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Pili, simama wima; mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Mguu mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwenzake, fuata ulio mkubwa. Tatu, kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu unapotembea. Nne, kiatu kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Tano, kimbia hatua chache hapo hapo. Kinachokubana dukani kitakuumiza barabarani.

Kwa wanaonunua vya mtumba, tunavyoviita chagua, geuza kiatu utazame chini. Soli ikiwa imelika upande mmoja, kiache. Ibonyeze kwa kidole pia. Ikiwa ngumu kama ubao, haitapunguza tena kishindo cha hatua. Hata kiatu kipya huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi.

Tuliondoka na namba 43, rangi ya kijivu, kwa bei ndogo kuliko zile nyekundu. Zile tulimpa kijana anayevaa 41, zinamtosha sawasawa.

Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba mwili wake una haki juu yake. Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi, lakini mguu ndio uliotufahamisha. Sasa tunakimbia mara tatu kwa wiki baada ya Alfajiri, na pumzi ikikata tunatembea. Dawa bado tunameza. Tulipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa imeshuka kidogo, alhamdulillah.

Basi mzazi, mwanao akiomba viatu vya mazoezi, muulize kwanza mguu wake unasemaje. Rangi na jina havikimbii.

Wabillahi tawfiiq.