Makoti Yetu ya Mlimani

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati naanza kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro, koti la mvua la mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, lilikuwa nailoni. Nasema nailoni yenyewe, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ikatobolewa katikati ipite kichwa. Wazee wa Marangu waliotutangulia walitumia gunia la kahawa: unasukuma kona moja ndani ya nyingine, linakuwa kofia na mgongo kwa pamoja. Nasi vijana tulijiona tumepiga hatua, kwa sababu gunia likilowa linakuwa mzigo mwingine, na nailoni unaikung'uta tu.

Nailoni ile ilikuwa na sifa ambayo makoti mengi ya gharama hayana hadi leo. Ilifunika mtu na mzigo wake, na hewa ilipita chini bila kizuizi. Shida yake ilikuwa upepo. Ukishatoka msituni, ukafika kwenye vichaka vya juu, inapeperuka, inakuziba uso mahali ambapo unahitaji kuona jiwe unalokanyaga. Nyingine zilichanika na kubaki zinaning'inia kwenye miti, na mpaka sasa nikikuta kipande cha nailoni mlimani nakiokota.

Baadaye yakaja makoti ya mpira, ya njano na ya kijani, kama wanayovaa walinzi na wavuvi. Hayapitishi tone. Lakini pia hayatoi kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mvua ni nusu tu ya habari. Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, kwenye mita 2,720, njia yote ni msitu, na sehemu za msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mtu anayepanda na mzigo humo anatoka jasho hata kama kuna baridi. Ndani ya koti la mpira jasho halina pa kwenda. Unafika kambini fulana imelowa chapachapa ilhali mvua haikukugusa. Kesho yake unakwenda Horombo, mita 3,720, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi sita hivi. Hapo haijalishi tena kama maji yale yalitoka mawinguni au mwilini mwako. Fulana mbichi ukisimama kupumzika inakufyonza joto lote, na nimeona vijana wenye nguvu wakitetemeka mpaka hawawezi kufunga kamba za viatu.

Soko la Memorial pale Moshi ndilo lililotubadilisha. Katika marobota ya mitumba ya Ulaya na Marekani tukaanza kukuta majaketi yenye utando ndani, mengine yakiwa na lebo ya Gore-Tex. Utando huo ulitokana na kazi ya Bob Gore, Mmarekani aliyegundua mwaka 1969 kwamba plastiki ya PTFE, ile ile ya kwenye kikaango kisichoshika chakula, ikipashwa moto na kuvutwa ghafla inatanuka na kujaa vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupenya humo, lakini mvuke wa jasho unapita. Majaketi ya kwanza ya namna hiyo yaliuzwa katika miaka ya 1970. Sisi yalitufikia yakiwa yameshavaliwa na kuchoka, kwa hiyo kuchagua kukawa kazi ya macho na vidole. Unageuza jaketi ndani nje. Unafuata kila mshono kuona kama utepe umeshika au umeanza kubanduka. Unasugua kitambaa: kikitoa unga mweupe, utando umekufa, hata muuzaji akisema, "Kaka, hii gredi ya kwanza." Kisha unaomba maji kidogo. Yakibingirika, sawa. Yakizama kwenye kitambaa, tabaka la nje linahitaji kufuliwa vizuri na kupakwa dawa upya, maana kitambaa cha nje kikishalowa mvuke haupiti tena.

Niseme wazi kwamba msituni kwetu hata utando mzuri una kikomo. Mvuke hutoka ndani kwenda nje pale ambapo nje ni pakavu kuliko ndani, na wakati wa masika chini ya Mandara hapana ukavu wowote. Ndiyo maana zipu za kwapani nazithamini kuliko tarakimu zilizoandikwa kwenye lebo.

Niliposhika kazi ya kuongoza wageni nikakutana na majaketi mepesi ya gramu 200, yanayokunjwa yakawa na ukubwa wa chungwa. Kwa mgeni anayebeba begi dogo ni chaguo zuri kabisa. Kwa mgumu hayafai, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu makoti hubuniwa kwa kumfikiria anayetembea mikono mitupu. Mgumu huweka mzigo shingoni na begani, na sheria inaruhusu hadi kilo 20. Kitambaa chembamba kinasagika pale pale mzigo unapokaa. Halafu ameinua mikono kuushika, maji yanaingia kwenye mkono wa koti na kuteremka hadi kwapani. Kofia nayo imebanwa na mzigo. Heri koti la gramu 400 lenye mabega mazito na mikono inayobanwa kwa velkro. Taasisi ya KPAP, ambayo tangu 2003 inatetea wapagazi, huwaazima mavazi ya mlimani bure, na imeokoa wengi. Lakini kwa maoni yangu koti lingepaswa kutolewa na kampuni pamoja na mkataba wa kazi.

Sasa kuna badiliko jingine. Dawa za florini zilizofanya maji yabingirike zimeonekana kudumu kwenye udongo na maji bila kuoza. California imezipiga marufuku kwenye nguo mpya tangu Januari 2025, ingawa mavazi ya mvua kali mno yamepewa muda hadi 2028. Nafurahi, maana mito inayotoka mlimani ndiyo inayomwagilia migomba yetu. Ila dawa mbadala hushindwa na mafuta upesi, na mpishi wetu hubeba mafuta ya kula na taa. Makoti hayo yatahitaji kufuliwa mara kwa mara, na utepe wa mshono utafuliwa pamoja nayo.

Mdogo wangu anaanza kazi msimu wa kiangazi. Juzi kaniuliza, "Kaka, ninunue la rangi gani?" Nikamwambia rangi achague mwenyewe, ila alipime akiwa na ndoo ya maji kichwani, mikono ameiinua.