Kinyozi wa Taa Elfu

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa kidato cha nne. Naanza na hilo usije ukadhani nilikwenda India kusoma, kama watoto wa wakubwa, au kufuata mzigo wa vitenge. Nilikwenda kumsindikiza mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni baba yangu mzazi, fundi cherehani wa Muheza, aliyeota uvimbe ndani ya kichwa. Ukoo ulikaa kikao, michango ikapita, shamba la michungwa likauzwa. Lilipokuja swali la nani atafuatana naye, kila mtu akawa na kazi zake. Baba akanitazama, akasema: "Ataenda huyu. Huyu hana kazi."

Maneno yale yaliniuma, kwa maana kazi ninayo. Naandika riwaya. Sema tu haijaisha, na haijaniletea hata senti tano.

Basi mwezi Juni mwaka 2019 tukajikuta Chennai, mji mkubwa wa kusini mwa India, kwenye mtaa uitwao Thousand Lights, yaani Taa Elfu. Inasemekana jina hilo limetokana na msikiti wa mtaani hapo, ambao ukumbi wake zamani ulimulikwa kwa taa elfu moja. Gesti za vichochoroni zimejaa wagonjwa wa kigeni, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Joto lilikuwa la kuzimia. Juu ya joto, maji yalikuwa hakuna: mwezi huohuo mabwawa yanayoulisha mji yalikauka kabisa, watu wakawa wanapanga ndoo usiku kungoja maboza. Baba alilazwa kwa vipimo, na mimi muda wa kuona wagonjwa ukiisha nilikuwa sina pa kwenda. Hapo ndipo nilipomgundua kinyozi.

Duka lake lilikuwa nyuma ya gesti yetu, dogo, upana wake kama stoo. Viti viwili vya kuzunguka, vioo viwili vinavyotazamana, kiasi kwamba ukikaa unajiona mara mia, unapungua na kupungua hadi unapotea. Juu ya kioo, picha ya mungu wao Murugan imevikwa shada la maua. Pembeni yake picha ya Rajinikanth, mcheza sinema wao, naye karibu avikwe. Chini, benchi la mbao. Bei ya kunyoa nywele ilikuwa rupia 100, ndevu 50.

Siku ya kwanza nilipoingia, kelele zote zilinyamaza. Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, masharubu meusi ya kupaka rangi. Akanigusa nywele kwa ncha za vidole kama mtu anayepima kitambaa. Akatikisa kichwa. Sikujua kama anakubali au anakataa, maana kutikisa kichwa kwa Wahindi, we acha tu, kuna maana zake. Mwisho akanipa mashine mkononi, akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu: "You teach." Nikamwonyesha kwa ishara: huku punguza, huku acha, pembeni chonga. Benchi zima likasimama kutazama. Alipomaliza akafurahi kuliko mimi.

Nilikuwa namwita Anna. Usicheke, msomaji: kwa Kitamil anna ni kaka mkubwa, na kila mtu pale alimwita hivyo. Yeye akaniita thambi, mdogo wangu. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa benchi.

Nikwambie ukweli, watu wengi waliokaa kwenye lile benchi hawakuja kunyoa. Mmoja alikuja kusoma gazeti. Gazeti lao la Dina Thanthi, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1942, lilikuwa moja tu kwa siku, lakini Anna alilichambua ukurasa mmoja mmoja, kila mtu akashika karatasi yake, akimaliza wanabadilishana. Asiyejua kusoma anasomewa. Mzee mmoja mstaafu alinieleza kwamba zamani vyama vya siasa vya huko kusini vilienea kwa njia hii hasa, katika vibanda vya chai na kwa vinyozi, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanabishana. Mwingine alikuja kusikiliza kriketi, kwa kuwa Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Uingereza, na tarehe 16 Juni walipowafunga Pakistani mtu mmoja alibaki na sabuni upande mmoja wa shavu kwa zaidi ya nusu saa. Mwingine alikuja kutafutia binti yake mchumba. Kwa kuwa kinyozi anamjua kila mwanamume wa mtaa, anajua nani anakunywa pombe, nani ana madeni, nani anapoteza nywele kabla ya wakati. Kaskazini mwa India kinyozi ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka habari za posa kutoka kijiji hadi kijiji.

Na mikono yake ilijua kazi. Ndevu alizipaka povu kwa brashi, wembe akauvunja vipande viwili mbele ya macho yako ili uone ni mpya, akanyoa mara mbili, kisha akapitisha kipande cha shabu mvua kwenye ngozi, ile shabu wanayotumia bibi zetu. Maji ya kazi yote hiyo, katika ukame ule, yalikuwa kikombe kimoja. Baada ya hapo anakukanda kichwa. Anakipiga kwa viganja vilivyokutana, vinalia kama njuga, anakuvuta masikio, kisha ghafla anakizungusha kichwa chako na shingo inalia kaa! Mara ya kwanza nilidhani ameniua. Kukanda huko wao huita champi, na ndiko lilikotoka neno shampuu ambalo sisi tumelipata kwa Waingereza. Waliotazama sinema ya Pyaasa ya mwaka 1957 watamkumbuka Johnny Walker akitembea na chupa yake ya mafuta kutafuta vichwa vya kukanda.

Lakini si kila kichwa kilikaribishwa kwenye kiti hicho. Ukinyozi kwao ni kazi ya kuzaliwa nayo, ya tabaka. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandaa rasimu ya Katiba ya India, aliandika kwamba utotoni mwake nywele zao zilikatwa na dada yake mkubwa, kwa sababu hakuna kinyozi aliyekubali kumgusa mtoto wa tabaka lao. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950 ikakataza ubaguzi huo, ingawa vijijini bado kuna mahali watu wanakataliwa. Na ajabu ni kwamba kinyozi mwenyewe naye alidharauliwa. Anashika vichwa vya wakubwa, anakata kucha zao, mke wake anazalisha wake zao, na Waislamu wenye kazi hiyo huko kaskazini walikuwa ndio mangariba. Hata hivyo kwenye karamu anakaa pembeni. Mwaka 2009 ilipotoka sinema ya Shah Rukh Khan iliyopewa jina la Billu Barber, vinyozi walilalamika kwamba neno la pili linawashushia heshima, likafutwa, ikabaki Billu. Ila pia Karpoori Thakur, mtoto wa kinyozi, alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Bihar mara mbili miaka ya 1970, na mwaka 2024 alitunukiwa nishani kuu ya taifa akiwa ameshafariki.

Habari hizi nyingine nilizisoma baadaye. Pale dukani nilichokiona ni Anna mwenyewe. Jioni moja alinitolea kadi ya harusi ya mwanawe, kijana wa kampuni ya kompyuta. Akaweka kidole penye jina lake. "Here. Father: business," akasema. Mwanawe hakutaka kuandika kinyozi. Akaikunja kadi taratibu, akairudisha kwenye droo ya nyembe. Hakuonekana amekasirika, wala hakuonekana amefurahi. Mimi nilikaa kimya, nikimfikiria baba yangu kitandani, ambaye wauguzi wakimwuliza huyu ni nani, hujibu, "Msindikizaji."

Kuna asubuhi moja mtoto alikuja mbio, akasema neno, na Anna akaacha mteja akiwa na ndevu nusu, akachukua mkoba akatoka. Mzee wa gazeti akanieleza: mtaa wa nyuma mtu amefariki. Kwao baba akifa, mwana hunyolewa kichwa chote na masharubu, na kinyozi ana sehemu yake katika mazishi. Ndiye hata apulizaye ganda la kombe kutangaza msiba. Mchana alirudi, akaosha mikono kwa yale maji kidogo, akamalizia zile ndevu. Hakuna aliyeulizana.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Daktari alisema upasuaji ni Alhamisi na kichwa kitanyolewa. Hospitali ina mtu wake wa kunyoa, lakini baba akagoma. "Mimi sikatwi nywele na mtu anayepita na mashine kitanda kwa kitanda kama anafyeka majani. Huyo kinyozi wako anayekufanya uchelewe kila siku yuko wapi?" Wakaturuhusu saa mbili. Ilikuwa Jumatano, bahati, maana Jumanne maduka ya vinyozi huko hufungwa, wanasema kunyoa siku hiyo ni mkosi.

Nilimshika baba mkono hadi dukani. Benchi zima likainuka kumpisha. Anna alimwita Ayya, neno la heshima kwa mzee, akafuta kiti kwa taulo. Alinyoa polepole sana. Nywele za baba, nyeupe, zilianguka kwenye shuka, na kichwa alichokuwa nacho siku zote kikatoka kingine, kidogo, chenye kovu la utotoni ambalo sikuwahi kuliona. Katika vile vioo nilimwona mara mia.

Anna, kwa mazoea ya kazi, akaanzisha maongezi. "Ayya, your son, what job?"

Moyo wangu ukasimama. Baba alikaa kimya. Kisha akatoa mkono chini ya shuka, akafanya ishara ya kuandika hewani.

"Ah! Clerk!" Anna akasema. "Good, good. Office."

Nikataka kusahihisha. Baba akanitazama kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili: "Anasemaje?"

"Anasema mimi ni karani."

Baba akafikiri kidogo. "Mwache aelewe hivyohivyo. Karani ana heshima zake."

Sijui nilipatwa na nini. Baba alipoinuka, mimi nikakaa kwenye kiti, nikamwambia Anna: "Me also. All. Same like father." Niliona nisimwache baba peke yake na kipara kile.

Anna alirudi nyuma kama nimemtusi. Akaweka wembe mezani. "No, thambi! Father living!" Akaniinua kwa nguvu, hakunipa nafasi ya kujieleza. Mtu anaweza kunyoa kwa nadhiri, wengi huenda Tirupati kumtolea mungu wao nywele, na nywele hizo huuzwa hata nchi za nje. Lakini mwana kunyoa kichwa ilhali baba yake amelala kungoja kisu, hapana. Hilo kwake lilikuwa kumtangulizia mzee msiba.

Nilipomfafanulia baba, alicheka hadi akashika ukuta. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu tutoke Muheza. "Umesikia?" akasema. "Bado nipo. Usiniharakishe." Nilipotoa pesa, Anna aliukunja mkono wangu na pesa zikiwa ndani.

Upasuaji ulichukua saa saba. Zile saa saba sikukaa hospitali zote. Muda mwingine nilikuwa kwenye benchi, nimeshika ukurasa wa gazeti la Kitamil nisilojua hata herufi yake moja. Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliniletea chai tu.

Mwaka uliofuata, korona ilipokuja, maduka ya vinyozi Chennai yalifungwa kwa zaidi ya miezi miwili, na mara nyingi niliwaza lile benchi limekwenda wapi, na wale wasiokuwa na pa kusomea gazeti. Mwaka huohuo nilisikia habari za kinyozi mwingine wa jimbo hilo, wa mji wa Thoothukudi, aliyejaza vitabu dukani kwake ili wanaosubiri zamu wasome, hata Waziri Mkuu wa India akazungumza naye redioni. Nikajiambia: basi nikimaliza riwaya yangu, sitaipeleka kwanza kwa maprofesa. Nitaipeleka kwa kinyozi, iwekwe kwenye benchi.

Baba yupo. Nywele zake zimeota tena, isipokuwa pale penye mshono. Cherehani anaendesha asubuhi tu, mchana anapumzika. Nikikaa barazani na daftari, hupita akaniuliza: "Karani, umefika wapi?" Namjibu sura ya kumi na moja. Anaguna, anaenda zake.

Na mimi nikienda kwa kinyozi hapa Muheza, vijana wenzangu wote sasa wanapiga vipara. Kinyozi huniuliza, kaka, tuondoe zote? Namwambia hapana. Punguza tu.