Kinshasa, Mji Uliolelewa na Nyimbo

Kila mji mkubwa una sifa yake. Mmoja husifiwa kwa madini, mwingine kwa bandari, mwingine kwa majumba ya wafalme. Kinshasa husifiwa kwa nyimbo. Mwaka 2015 UNESCO iliuandika katika orodha ya miji ya muziki. Mwaka 2021 rumba ya Kongo, ile ya Kinshasa na ile ya Brazzaville, iliandikwa kuwa urithi wa wanadamu wote. Tujiulize basi, wasomaji wapenzi: sifa hiyo yatoka wapi?

Kwanza, yatoka mtoni. Mto Kongo uliwakusanya Léopoldville, kama mji ulivyoitwa zamani, makarani, mabaharia na mafundi wa makabila mengi, kila mmoja na ngoma ya kwao. Wendo Kolosoy, aitwaye baba wa rumba, alikuwa fundi wa mashine katika meli za mto. Kutoka ng'ambo ya bahari zikaja santuri za Kuba, nao wasikiaji wakatambua ndani yake mapigo ya babu zao waliochukuliwa utumwani. Kilichopotea kilikuwa kimerudi, wakakipokea kama mtoto wa ukoo.

Pili, yatoka kwa wafanya biashara. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua nyumba ya kutengenezea santuri, iitwayo Ngoma. Humo Wendo na mpiga gitaa Henri Bowane waliimba Marie-Louise. Opika na Loningisa zikafuata, na redio ikazipeleka sauti hizo mbali, hata kwetu mashariki, ambako wengi hawakujua Kilingala.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yatoka kwa wasikilizaji. Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa mwana wa mama muuza mikate sokoni. Alipiga gitaa karibu na meza ya mama yake, wanunuzi wakavutwa. Soko likawa shule yake. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha OK Jazz, naye akapiga humo hadi kufa kwake mwaka 1989.

Tukifika Matonge, penye uwanja wa Victoire, twaona mnara uliosimamishwa kwa heshima ya wasanii. Ni jambo jema. Lakini mnara hauimbi. Nyumba zile za santuri zimefungwa zamani, na wapigaji wengi wamehamia Paris na Bruxelles, ambako kazi yao hulipwa vizuri zaidi. Mji waweza kubaki na jina ukakosa wenye jina.

Hata hivyo tumaini lipo. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha orkestra ya Kanisa la Kimbangu. Vinanda vya kwanza havikutosha, watu wakapokezana. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika mahali pake. Leo orkestra hiyo hupiga nyimbo za Beethoven mbele ya mataifa.

Hapo ndipo tuonapo siri ya mji huo: mtu ajuaye humfundisha asiyejua, na jirani huvumilia kelele za mwenye kujifunza. Enyi wazazi, mtoto akijitengenezea gitaa la mkebe, msilivunje kwa kuwa laumiza masikio. Mwulizeni kwanza ni nani awezaye kumfundisha.