Buibui wa Nyumba Yetu Kando ya Ziwa

Mtu atokaye Homa Bay kwenda Mbita huwa na ziwa mkono wake wa kuume, na mwisho wa safari hukiona kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, kimetulia ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji. Wageni husifu upepo, samaki na machweo ya jua. Mimi niliyezaliwa huku nataka kusifu kitu ambacho sijamsikia mgeni akikisifu, nacho ni buibui. Walakini nakiri tangu mwanzo kwamba nawaogopa.

Kuna asubuhi ambapo nguzo za moshi huonekana zimesimama juu ya maji, na asiyejua hudhani kwamba mitumbwi inaungua. Huo si moshi. Ni vijidudu vya ziwani, mfano wa mbu lakini haviumi, vitokavyo majini kwa mamilioni. Upepo ukivileta nchi kavu huingia puani, huingia katika chai, hufunika kuta. Hapo ndipo buibui hufanya sikukuu. Vichaka, ua, nyaya, hata baiskeli iliyosahauliwa nje, vyote hutandwa nyuzi, utando juu ya utando, mpaka ungedhani mtu ameanika nyavu za omena.

Nyumba yetu ni ya matofali na mabati, hatua kama mia mbili kutoka majini, na buibui waliikalia kabla hatujamaliza kuipaka chokaa. Hatukuwajali sana. Vita vilianza msimu mmoja wa mvua, mtoto wetu wa pili alipoamka na mstari mwekundu shingoni, ukimwasha kama aliyechomwa moto, na kufikia jioni ukajaa malengelenge. Mama yangu aliutazama mara moja tu akasema, "Buibui amemkojolea." Ndivyo tulivyoambiwa sote utotoni, wala sikumpinga. Mama watoto alijifunga kitambaa kichwani, akatwaa ufagio mrefu, na siku ile hapakubaki utando hata mmoja kutoka sebuleni mpaka jikoni. Nami, mwanamume mzima mwenye cheti cha sekondari ya misheni, nilisimama mlangoni nikimwonyesha walipo. Mmoja aliniangukia begani, nikapiga ukelele ambao majirani wanaukumbuka hata leo.

Kesho yake tulimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi aliuliza swali moja: je, usiku taa ilikuwa ikiwaka karibu na kitanda? Ilikuwa ikiwaka. Kumbe aliyemdhuru mtoto hakuwa buibui, bali ni mdudu aitwaye nzi wa Nairobi, ambaye si nzi wala si wa Nairobi peke yake. Ni mbawakawa mwembamba, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, mwenye rangi nyeusi na ya machungwa kwa zamu. Mvua ikizidi naye huzidi, kama ilivyokuwa baada ya zile mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na usiku hufuata mwanga wa taa. Haumi wala hachomi. Ila akipondwa juu ya ngozi, sumu iliyomo mwilini mwake hutoka, na baada ya siku moja hivi ngozi huungua. Mtoto alijikuna usingizini, basi. Akikutambalia mdudu huyo usimpige kofi. Mpulize aondoke, kisha osha mahali pale kwa maji na sabuni.

Buibui wetu, kwa hiyo, walikuwa wameuawa kwa kosa la mwingine. Nilimkumbuka mzee mmoja Mwislamu aliyenipangisha chumba nilipokuwa kazini Mombasa. Hakuniruhusu kumwua buibui hata mmoja, akanisimulia jinsi alivyotanda utando mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume Muhammad na Abubakar walipojificha humo mwaka 622 wakitoka Makka, na waliowafuatia wakaona kwamba hapana mtu aliyeingia. Wakati ule nilidhani ni upole wa mzee tu.

Nilipomweleza mama yangu maneno ya muuguzi, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Haya, mwanangu. Kama hawatudhuru sisi, wanakula nini humu ndani?"

Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyojua. Hapo Mbita pana kituo cha utafiti cha ICIPE, shirika la elimu ya wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kituo hicho chaitwa kwa jina lake. Humo wataalamu, miongoni mwao Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wamemchunguza kwa miaka mingi buibui mmoja mdogo wa kuta zetu, akaaye kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Mwaka 2003 alipewa jina la kitaalamu, Evarcha culicivora, na neno lile la pili maana yake ni mla mbu. Urefu wake ni kama milimita 5. Hatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, akinyemelea na kuruka kama paka.

Ajabu yake ni hii. Apenda damu, lakini kinywa chake hakiwezi kutoboa ngozi ya mtu wala ya mnyama. Basi humngoja mbu jike atunyonye sisi kwanza, kisha humla mbu aliyeshiba. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba akipewa hiari humchagua mbu aliyejaa damu, akawaacha wadudu wengine. Tena mbu ampendaye zaidi ni Anofelesi, yule yule achukuaye malaria. Anofelesi akitua huinua mkia juu; basi watoto wa buibui huyu, wadogo sana, humzunguka kwa nyuma, huingia chini ya tumbo lililoinuliwa na kumrukia kutoka chini. Mwaka 2011 ikatangazwa pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Nilipomsomea mama watoto habari hiyo, alisema sasa amefahamu kwa nini upande wangu wa kitanda haukosi buibui.

Simsifu kupita kiasi. Buibui wa ukutani hawawezi kuizuia malaria ya kijiji, nasi hulala ndani ya chandarua kila usiku.

Tena hofu yangu haikuwa ya bure. Jioni moja binti yetu mdogo alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi pamoja na nyanya yake. Alipotaka kukisogeza kigoda, akapitisha vidole chini yake, nami nikaona nyuzi ngumu zisizo na mpango wowote, na kati yake vifuko vitatu vyenye vinundu vilivyochongoka kama tunda la mbarika. Mwenyewe alikuwa amejikunja pembeni: rangi ya udongo, tumbo la mviringo kama njegere, na chini ya tumbo alama ya rangi ya machungwa mfano wa ngoma iliyobanwa katikati. Huyu ni ndugu wa yule buibui mweusi wa Marekani aitwaye mjane. Hatafuti ugomvi, na ni nadra sana kuua. Lakini akibanwa huuma, na maumivu yake si ya kumtakia mtoto. Nilimvuta binti yangu mkono kwa nguvu hata akalia. Kisha nikamponda yule kwa kiatu na vifuko vyake nikavitia motoni. Sikuona haya, wala sioni sasa.

Tangu hapo tumekuwa na mapatano nyumbani. Kila Jumamosi mimi hupindua vigoda, ndoo na mitungi, na kuangaza tochi pembe zote za choo. Ila ukuta wa sebuleni ulio kando ya dirisha, mahali ambapo mbu hutua alfajiri wakiwa wazito, haupitishwi ufagio. Mama watoto ameukubali ukuta huo mmoja tu, tena kwa sharti kwamba yeye hataupa mgongo. Juzi usiku nilimkuta pale dume mmoja, uso mwekundu kama aliyepakwa rangi. Aligeuka akanitazama kwa yale macho yake mawili makubwa ya mbele, nami nikarudi nyuma hatua moja.