Tumbo lililolala njaa

Mei 2015, maandamano yalipofunga njia za Musaga, Bujumbura, sungura wetu walikaa siku mbili bila chakula. Kaka akaja na pumba tele; bibi akamzuia: “Wee mjukuu wangu, acha! Kwanza maji, kisha majani makavu, kidogo kidogo. Tumbo lililosimama ukilijaza, linafura.” Tukangoja hadi vidonge vya mavi vikarudi, ndipo tukajua tumbo limeamka.

Huku kambini, mtoto aliyekonda sana na kuugua naye haanzi na ugali. Hupewa maziwa ya F-75, kidogo tu, kila baada ya saa mbili au tatu. F-100 hufuata akipata nguvu. Mama akidhani mwanawe ananyimwa, atamtoa wodini. Jamani wahudumu, muelezeni mapema: mwili uliodhoofika, shibe ya ghafla inaweza kuusimamisha moyo.