Hesabu ya Nusu Lita

Asubuhi moja hapa Ibadakuli tulikuwa tukifundisha somo la kemia: jinsi ya kupata uzito wa kitu kitakachoyeyushwa majini ili mchanganyiko uwe na molariti itakiwayo. Tuliandika ubaoni kwamba uzito ni gramu za moli moja, mara molariti, mara lita za mchanganyiko. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hesabu hii yatufaa nini nyumbani?" Tukamjibu kwamba itakuja katika mtihani. Lilikuwa jibu la mvivu.

Hata jioni tukamkuta mtoto wetu anaharisha. Tukatwaa pakiti ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, tukaimimina katika chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa maji, tukatikisa, tukampa. Akameza vijiko viwili, akakaza midomo. Tulitaka kumlazimisha, lakini mama yetu mzazi akachukua kijiko akaonja. "Mwanangu, mbona chumvi yake yapita ya machozi?"

Tukaisoma pakiti kwa mwanga wa taa: lita moja. Kumbe!

Tukaketi kuhesabu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 yataka glukosi yenye molariti 0.075. Moli moja ya glukosi ina kaboni gramu 72, hidrojeni 12 na oksijeni 96, jumla gramu 180. Mara 0.075, mara lita 1, ni gramu 13.5, ndizo zilizoandikwa pakitini. Sodiamu nayo ni 0.075. Katika nusu lita yetu kila kitu kilikuwa maradufu, sodiamu ikafika 0.15, kupita hata ile ya damu, ambayo ni karibu 0.14. Maji ya namna hiyo yaweza kumzidishia mtoto chumvi mwilini, ilhali maji yake yanamtoka.

Pakiti nyingine hatukuwa nayo. Tukaimimina chupa yote katika jagi safi, tukaongeza nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mama akaonja tena, akanyamaza, akampa mjukuu wake. Akanywa kidogo kidogo hata alfajiri.

Kesho yake tulimpa mwanafunzi yule pakiti tupu na chupa ile, tukamwambia ahesabu. Alimaliza kabla ya kengele, kisha akatuuliza kwa nini hatukuisoma pakiti kwanza.