Ukurasa wa Ugomvi

Wako watu wanaokusanya stempu, wako wanaokusanya sarafu za zamani. Mimi nakusanya hadithi za mapenzi. Nayasema haya bila kuinamisha uso, ingawa najua wapo watakaotabasamu. Kwetu mtu mzima akikutwa na kitabu chenye jalada la mwanamume na mwanamke walioshikana mikono, huulizwa kama hana kazi. Mwenye kitabu cha upelelezi haulizwi kitu.

Nilianza na vile vya Kiingereza, kama wengi wa rika langu. Vitabu vya Mills & Boon vilizunguka bwenini mpaka majalada yakatoka. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na mwaka 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Vitabu vyao ni vingi mno, na mwisho wake unaujua tangu mwanzo. Havikunifundisha kutafuta, kwa sababu vyenyewe ndivyo vilivyonitafuta.

Vya Kiswahili ndivyo vya kusakwa. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu Tanzania, na baadhi ya waandishi wa riwaya pendwa walijichapishia wenyewe. Nakala zikiisha, zimeisha. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwandishi na pia mchapishaji, kupitia Heko. Basi mkusanyaji hana orodha ya kufuata. Ana wachuuzi wanaotandaza vitabu chini pembeni mwa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ana miguu yake, na ana mdomo wa kuulizia. Mimi huanza na jalada la nyuma, pale panapotajwa kazi nyingine za mwandishi. Jina huzaa jina.

Lakini sisomi peke yangu. Dada yangu mkubwa yuko Tanga, na presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Yeye ndiye aliyenisomea hadithi za kwanza, kwa koroboi, kabla hajaozwa akiwa na miaka 15. Sasa kila siku baada ya Isha nampigia simu, namsomea kurasa kumi. Ana sharti moja. "Mdogo wangu, usiniletee wa kufa. Waliokufa ninao wa kutosha." Kwa sharti hilo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo mimi naipenda sana, ilibidi irudi kabatini.

Tulisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999. Wengine wanaijua kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Tulipofika kwa Yasmini, binti aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, dada alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Tulipofika pale Yasmini anapomwacha mumewe, aliniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Kesho yake tukaanzia hapohapo, kwa amri yake. Sikumwuliza kwa nini.

Tangu hapo nikiwa mbele ya mchuuzi sipotezi wakati na ukurasa wa kwanza. Natafuta ugomvi. Kuandika wapendanao wanavyotazamana machoni kila mtu anajaribu, na wengi hutumia mwezi uleule na upepo uleule wa bahari. Ila mke na mume wakigombana, mwandishi hana pa kujificha. Asiyejua mapenzi atawapa hotuba. Anayeyajua atamfanya mwanamke aulize chumvi imewekwa wapi, na msomaji ajue kwamba hapo chumvi si chumvi.

Ndivyo nilivyomfikia Zainab Burhani. Nakala yangu ya Mwisho wa Kosa, iliyochapwa na Longman Kenya mwaka 1987, ilikuwa imepita mikononi mwa mwanafunzi. Pembeni ameandika kwa penseli "maudhui", "tabia", "tamathali", kama alivyoagizwa na mwalimu. Ukurasa mmoja amesahau masomo, ameandika tu "maskini!" Nililipa bila kupatana bei, jambo ambalo si desturi yangu. Baadaye nikaisaka Mali ya Maskini, ya mwaka 1981, na tuliimaliza haraka kuliko tulivyotaka.

Sasa tuna shida. Mwezi uliopita nilinunua kitabu kisicho na jalada, kisicho na kurasa za mwanzo wala za mwisho, kwa shilingi 1,000 tu. Ugomvi wake ni mzuri mno, mtu na mkewe wanabishania ndoo ya maji kurasa sita nzima. Tumekisoma mara mbili. Mwandishi hatumjui. Dada anashikilia kuwa ni mwanamke, eti mwanamume hajui ndoo ikiwa kichwani inavyovuja shingoni. Mimi naona huenda ni mwanamume aliyelelewa na dada zake. Kila usiku ananisimulia mwisho wake, na kila usiku ni mwingine, lakini hakuna anayekufa.

Jumamosi nitakibeba mkobani na kuwaonyesha wachuuzi wote wa Samora, mmoja baada ya mwingine, mpaka nimpate anayekitambua.